Kirikuu ya mkataba imeota malengelenge ya rangi, imebaki miezi miwili niimalize. Nifanyeje?

Mama Kayabo wa Kirumba

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu, maana kila ninayemuuliza hapa Mwaloni ananipa jibu lake na mimi muda unaniishia.

Nina kirikuu, Suzuki Carry, niliichukua kwa mkataba Novemba 2022 kwenye kampuni moja ya hapa Mwanza. Ilikuwa imeshatumika Japani, si mpya. Makubaliano ni miezi 36, kila mwezi rejesho, na mwisho kabisa natoa shilingi 1,900,000 ndipo wananipa kadi na gari linakuwa langu. Nisipotaka kununua nalirudisha, wanalikagua, na walichokiona kimeharibika wanakikata kwenye ile dhamana ya 800,000 niliyoweka siku ya kwanza. Sijawahi kuruka rejesho. Hata ule mwezi niliolazwa Bugando, kaka yangu alipeleka hela tarehe ileile.

Kazi yangu ni samaki. Alfajiri niko Mwaloni, napakia sangara na sato kwenye barafu, nawapelekea wateja wangu wa Buzuruga na Igoma. Mara mbili kwa wiki napakia magunia ya kayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 naenda hadi Sengerema na kurudi bila kulala foleni ya kivuko, kwa hiyo gari hili ndilo linalolisha nyumba yangu. Nisingependa kulipoteza dakika za mwisho kwa sababu ya rangi.

Nilikabidhiwa likiwa jeupe pe, ndani bado linanukia rangi. Fomu ya makabidhiano imeandikwa kwa mkono wao: "Rangi mpya, haina kasoro." Mwaka mmoja lilikaa vizuri. Mvua za vuli za 2023 zilipoisha nikaona paa limeota vipele kama vya joto. Nikadhani ni uchafu. Sasa vipele vimekuwa malengelenge, vingine kama punje ya hindi, na juu ya kioo cha mbele upande wa dereva vimeungana.

Jumapili nilipanda kwenye kreti nikabonyeza moja kwa kucha. Likapasuka, likatoa tone la maji ya rangi ya chai. Kipande cha rangi kikabanduka, kinene kama kucha ya dole gumba. Nikakigeuza juani nikitazame ubavuni: juu nyeupe, kisha kijivu, kisha tabaka nene la rangi ya maziwa linalomung'unyika kama chaki, na chini kabisa bluu. Miaka karibu mitatu naliendesha sikujua kwamba gari hili liliwahi kuwa la bluu.

Kuna mengine ambayo ni yangu na siyakatai. Bodi ya nyuma ina kutu ya chumvi ya kayabo. Milango imepauka kwa sababu kijana wangu analiosha kwa sabuni ya unga na brashi ngumu. Na pale ninapoegesha Mwaloni makorongo hayaachi kunya, kuna alama tatu nne juu ya kibini hazitoki hata kwa polishi.

Afisa wa kampuni alikuja wiki iliyopita, akalizunguka gari dakika tano, akasema: "Mama, haya ni maji ya samaki, umeharibu rangi ya watu." Anataka niongeze 650,000 za kupiga rangi ndipo tumalizane, la sivyo wanakata kwenye dhamana. Kuna kijana huku Kitangiri anasema kwa 400,000 analipuliza lote siku tatu, linakuwa jipya.

Nimpe huyo kijana alipulize kabla hawajaja tena? Nilipe hiyo 650,000? Au nilirudishe? Nisaidieni kwa mtu aliyewahi kupitia.

Dereva Nyegezi

Pole dada. Mimi ningelipa nimalize. Kirikuu ni gari la kazi, haliendi harusini. Ukishapata kadi, rangi utapiga siku yoyote hata mwakani. Watu wamenyang'anywa magari zimebaki wiki mbili kwa sababu ya kubishana.

Bajaji ya Musoma

Mkuu wa Nyegezi nakuheshimu, ila kwenye kulipa tu hapo sikubaliani na wewe. Na wewe dada, nakuomba sana, HUYO KIJANA WA KITANGIRI ASIGUSE GARI.

Yaliyonikuta mimi: nilikuwa na bajaji ya mkataba, imebaki wiki sita. Ilikuwa imepauka na ina mkwaruzo mrefu wa ubavuni, wa siku niliyobanwa na ukuta wa soko. Kwa ile furaha ya kumaliza nikaipeleka kwa fundi ikapigwa rangi yote, nikatoa 180,000. Siku ya hesabu ya mwisho mwenye chombo akaiona inang'aa, akasema nimeficha ajali chini ya rangi, na kwamba nimebadilisha chombo chake bila ruhusa. Nikamwambia ni mkwaruzo tu. Akaniuliza picha iko wapi. Sikuwa na picha hata moja ya kabla ya rangi. Nilibishana naye miezi mitatu, mwisho nikaongeza hela ndiyo nikapewa kadi.

Ushahidi wako sasa hivi ni hayo malengelenge. Ukiyasugua msasa umeufuta mwenyewe. Piga picha leo, mchana, karibu na mbali, na kile kipande kilichobanduka kiweke kwenye bahasha.

Fundi Rangi Nyakato

Dada, mimi ni fundi rangi, niko Nyakato, na mwaka huu ni wa kumi na tisa nashika bunduki ya rangi. Nimesoma hilo tone la maji ya chai na tabaka la chaki mara mbili. Hiyo siyo kazi ya samaki. Maji ya samaki yanashuka, hayapandi juu ya paa.

Nikueleze ulichokiona kwenye hicho kipande. Ile chaki ya maziwa ni puti, ile ya kujazia bati lililobonyea. Puti imetengenezwa na unga ndani yake, na inanyonya maji kama biskuti kwenye chai. Mtu alijaza puti kwenye paa, akaipiga msasa wa maji, hakusubiri ikauke, akapuliza kijivu yaani praima, rangi ya msingi, akamalizia nyeupe. Maji yakabaki chini. Sasa sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kutoka ikweta, paa la gari jeupe saa saba mchana huwezi kuweka kiganja. Maji yale yanapata joto, yanatanuka, yanasukuma rangi juu. Usiku inapoa, rangi inanywea. Kesho tena. Baada ya miezi kadhaa rangi inachoka inaachia. Ndiyo maana mwaka wa kwanza uliona liko vizuri, na walipoandika haina kasoro labda waliyempa kazi hakuwaambia alichokifanya.

Kuna njia ya pili maji yanavyoingia, nayo ni kompresa. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na hewa ikishindiliwa kwenye tangi ule unyevu unageuka maji. Usipokuwa na chujio la maji kwenye mpira, bunduki inapuliza rangi na maji pamoja na macho yako hayaoni. Mimi kila asubuhi nafungua koki ya chini ya tangi kabla sijafanya lolote. Masika linatoka kikombe kizima cha maji yenye kutu. Fundi ambaye hafungui hiyo koki, maji hayo yote yako kwenye gari la mteja.

Malengelenge hayafanani, na watu wanayachanganya. Ukiona vitundu vidogo mno kama vya sindano, hiyo ni thina ilinaswa, rangi ilipulizwa nene na kwa haraka. Ukiona rangi inabanduka vipande vikubwa kama ganda la kitunguu na chini pako laini, hawakupiga msasa, rangi haikupata pa kushika. Ukiona juu panabaki unga mweupe unaochafua kidole, hilo ni jua, ni uchakavu wa kawaida. Alama za mavi ya ndege nazo ni halali yako: yana tindikali, na yakikaukia kwenye bati la moto yanang'ata rangi inabaki shimo. Hayo ukubali kama ulivyokubali. Lakini lengelenge lenye maji ya chai juu ya puti ni la aliyepiga puti. Na hiyo rangi ya chai ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko rangi yenyewe, kwa sababu ni kutu. Bati limeshaanza kuliwa.

Fanya hivi kabla hujaongea na mtu. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye leso, ipitishe polepole kwenye paa lote. Penye bati itashika, penye puti nene itateleza. Kisha vuta ule mpira wa mlango kidogo, tazama rangi iliyojificha chini yake. Halafu njoo kwangu, nina kipimo cha unene wa rangi, sitakuchaji. Rangi ya kiwandani mara nyingi inasoma kati ya maikroni 90 na 150 (maikroni 1,000 ni milimita moja). Likirudiwa mara moja linasoma 200 hadi 300. Ikizidi 1,000 hapo ni puti, hakuna maelezo mengine.

Na kitu kimoja ambacho sisi wa huku tunakijua. Angalia kwa makini kama kuna wadudu wa ziwani ndani ya rangi. Vile vidudu vinavyoinuka kama moshi. Ukiona kidoa chenye miguu kimefunikwa na rangi, gari lilipulizwa nje, jioni, karibu na ziwa. Japani hawana wadudu wetu.

Mama Kayabo wa Kirumba

Asante sana fundi, Mungu akubariki. Asante na wewe wa Musoma, pole kwa yaliyokukuta. Picha nimepiga 46, na kipande kiko kwenye bahasha na tarehe yake.

Leo nilipomaliza kushusha mzigo Igoma nilipitia kwa fundi. Nawapa majibu.

Sumaku imeteleza kwenye paa upande wa dereva, eneo kama sinia la ugali, linaanzia juu ya kioo na kurudi nyuma. Kwingine kote inashika. Chini ya mpira wa mlango ni bluu, safi kabisa, kama jana. Kipimo kwenye hiyo bluu kilisoma 105. Mlango wa kushoto 240. Paa pale penye malengelenge 1,480. Nimepiga picha kipimo kikiwa kimekaa juu ya paa, na namba inaonekana.

Na mdudu yupo. Nyuma ya kibini, kona ya chini ya kioo kidogo, ambako sijawahi kutazama. Wako wawili. Mmoja mabawa yake yamelala ndani ya nyeupe, unaona mpaka mshipa wa bawa. Nilikaa nikimtazama muda mrefu. Fundi alinipa miwani yake ya kusomea nimwone vizuri.

Sasa najua si mimi. Ila sijui nikaseme nini kule ofisini. Nawaogopa kwa sababu kadi iko kwao.

Karani Mstaafu

Mwangaluka mwanangu. Nimefanya kazi ya mikopo miaka mingi, mikataba ya aina hii nimeiandika kwa mikono yangu. Tulia kwanza, soma hapa taratibu.

Mkataba wa kukodi kisha kununua una milango miwili mwishoni, na unatoka kwa mmoja tu. Mlango wa kwanza ni kurudisha. Ukirudisha, mwenye gari anakagua, na uchakavu uliozidi wa kawaida unaulipia, kwa sababu yeye atabaki na gari hilo na itabidi aliuze kwa mtu mwingine. Mlango wa pili ni kununua. Ukinunua unalipa bei iliyoandikwa, unalichukua kama lilivyo, na kasoro zake unaondoka nazo. Sasa huyo afisa anataka utoke kwenye milango yote miwili kwa wakati mmoja: ulipie uharibifu kama anayerudisha, na ulipie bei kamili kama anayenunua. Rangi utakayomlipia 650,000 itakuwa kwenye gari lako mwenyewe! Tafuta kwenye mkataba wako kifungu kinachosema anayenunua atalipia matengenezo kabla ya kukabidhiwa. Kama hakipo, hana haki ya kukudai, na dhamana yako inatakiwa irudi au ihesabiwe kwenye ile 1,900,000.

Lakini neno "kama lilivyo" lina upande wa pili. Ukishasaini hati ya kununua, hawatakusikiliza tena kuhusu paa. Kwa hiyo maneno yote yasemwe kabla ya saini, na yasemwe kwa maandishi. Ukienda kuongea kwa mdomo utakuta mwezi ujao afisa mwingine, naye atakuambia hajui kitu.

Usiwatishie kwamba utarudisha. Umelipa miezi 34. Kirikuu inayotembea, hata ikiwa imepauka, kwa 1,900,000 huipati sokoni, na wao wanalijua hilo kuliko wewe. Ukirudisha wamepata gari na hela zako zote. Na usikubali pia wakikuambia leta tupige rangi sisi bure. Watampa yuleyule aliyewapigia mara ya kwanza, litang'aa siku ya kusaini, na mvua mbili baadaye unarudi palepale ukiwa na kadi mkononi na huna pa kushtaki. Omba wapunguze bei ya mwisho. Punguzo ukishalipata limeandikwa, rangi utampa fundi unayemwamini wewe.

Bima usihangaike nayo. Bima kubwa inalipa ajali, haitalipa puti ya mtu. Na kwa wengine mnaosoma ambao mna magari mapya kabisa ya mkataba kutoka kwa wakala: nyie mna udhamini wa kiwanda, na kasoro ya rangi inadaiwa huko kabla muda haujaisha. Dai lipitishe kwa kampuni inayomiliki gari, maana mpaka siku ya kadi wewe ni mpangaji. Wengi wanasubiri mpaka wamalize mkataba ndipo waseme, wanakuta udhamini umekwisha mwezi uliopita.

Swali langu moja, mwanangu. Nakala ya kadi unayotembea nayo, sehemu ya rangi imeandikwa nini?

Mama Kayabo wa Kirumba

Shikamoo mzee. Nimeshuka kuitoa kwenye gari sasa hivi usiku huu. Imeandikwa BLUU. Kwa Kiingereza lakini ndiyo hiyo, bluu. Trafiki wamenisimamisha mara ngapi Mabatini hawajawahi kuitazama hiyo sehemu, na mimi pia.

Karani Mstaafu

Basi umekwisha kupata pa kushika. Gari likibadilishwa rangi, taarifa za kadi nazo zinatakiwa zibadilishwe TRA, na anayetakiwa kufanya hivyo ni mwenye kadi, ambaye ni wao. Walilipokea la bluu, wakalipiga nyeupe, wakakukabidhi bila kubadilisha. Hawawezi kusema lilikuja hivyo kutoka Japani, na hawawezi kusema rangi ni yako, kwa sababu fomu yao ya makabidhiano inasema lilikuwa na rangi mpya siku ya kwanza.

Andika barua ya ukurasa mmoja. Usimtukane mtu, usiweke mambo ya kulazwa wala ya watoto. Taja tarehe ya makabidhiano na maneno ya fomu. Taja vipimo vitatu na mahali vilipopimwa. Taja rangi iliyoandikwa kwenye kadi. Kisha omba mambo matatu: wabadilishe kadi kwa gharama yao kabla ya kuhamisha umiliki, wafute madai ya 650,000, na wapunguze bei ya mwisho kwa gharama ya kutengeneza paa. Ambatanisha makadirio ya fundi, yawe ya paa peke yake. Kutu ya bodi na milango iliyopauka sema wazi ni ya matumizi yako. Ukikiri kilicho chako watakuamini kwenye kisicho chako. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri urudi nayo.

Dereva Nyegezi

Mzee nimejifunza. Dada, nafuta nilichosema mwanzo. Nenda na barua.

Fundi Rangi Nyakato

Dada, makadirio nimekuandikia, pitia uchukue. Nimeandika paa tu, 380,000. Usishangae kuona karibu inalingana na bei ya kijana wa Kitangiri ya gari zima. Nakueleza hela inakokwenda.

Paa hilo haliwezi kupigwa msasa juu juu. Puti yote inatoka, mpaka bati lionekane. Kutu inasuguliwa, na kama imetoboa tunakata tunachomelea bati jipya. Bati likishakuwa tupu halilali nje, siku hiyohiyo linapata praima ya epoksi, maana kwa unyevu wetu ukiliacha usiku mmoja asubuhi lina kutu ya njano. Puti kidogo inakuja juu ya epoksi, siyo juu ya bati, na nasugua kwa msasa mkavu. Kisha praima ya kujaza, nyeupe yenye hadina yaani dawa ya kukaza rangi, na klia, ile rangi angavu ya juu kabisa. Kiwandani wanaoka rangi kwa joto la nyuzi kama 140 wakati gari bado ni bodi tupu. Sisi hatuwezi, gari lina nyaya na plastiki, kwa hiyo tunategemea hadina na muda. Nahitaji siku sita na gari likae ndani. Anayekuambia siku tatu gari zima, muulize siku ya kukauka ni ipi.

Milango usipige rangi. Chini ya huo unga kuna rangi nzuri, nitaisugua kwa msasa wa 2000 na kompaundi, itarudi. Mwambie kijana wako aache ile brashi. Na bodi ya nyuma, siku ya kayabo, imwagiwe maji matamu jioni hiyohiyo, isisubiri kesho. Mavi ya korongo weka kitambaa kibichi juu yake dakika kumi yalainike, ndipo ufute. Ukiyasugua makavu unapiga msasa.

Mama Kayabo wa Kirumba

Wakuu, nimerudi. Samahani nimekaa kimya wiki tano, nilitaka jambo liishe kwanza.

Barua niliipeleka Jumatatu, wakagonga muhuri. Yule afisa aliisoma akiwa amesimama, akafika kwenye kadi, akakaa. Aliniambia atanipigia. Hakupiga siku tisa. Siku ya kumi aliniita meneja mwenyewe, akanikaribisha kiti, akaniomba kile kipande cha rangi akione. Nikampa bahasha. Alikigeuzageuza dirishani kama nilivyofanya mimi. Nikamwonyesha na picha ya mdudu. Hakubishana. Alisema baada ya kulipokea, tawi la mti liliangukia paa likabonyea wakiwa bado hawajalitoa uani, wakampa mtu alirekebishe. Hilo siku ya makabidhiano hakuna aliyeniambia.

650,000 wamefuta. Bei ya mwisho wamepunguza 350,000. Niliomba zote 380,000, wakasema hapo ndipo mwisho wao, nikaona nikubali. Dhamana yangu wameihesabu kwenye malipo, kwa hiyo nilichotoa mfukoni ni 750,000. Kadi wameibadilisha wao, sasa inasema nyeupe, na uhamisho wa jina umepita. Ninayo hapa mezani ninapoandika.

Gari liliingia kwa fundi Alhamisi. Aliniita nikaone alipofika kwenye bati. Chini ya puti, kwenye mfereji wa paa juu ya mlango wa dereva, kuna tundu la ukubwa wa punje ya choroko, kingo zake zimeliwa zimekuwa kama karatasi. Alimwaga kikombe cha maji juu, tukasubiri, tukayaona yanatokea ndani kwenye nguzo na kushuka mpaka sakafuni. Zulia la chini ya miguu yangu limekuwa na unyevu kila mvua kwa miaka mitatu, na siku zote nilijua ni barafu ya samaki.